Uso Uliotengenezwa Bure

Duka la Viola Keji liko Kator, mtaa wa Juba, hatua chache kutoka kanisa kuu la Mtakatifu Teresa, na kwa sababu hiyo halikosi kazi. Watu wanaoa, wanabatizwa na wanazikwa kila wiki, na kila tukio linadai karatasi zake: kadi, ratiba ya misa, kijitabu chenye picha na wasifu. Viola alijifunza kazi hiyo Uganda wakati wa ukimbizi, katika kibanda cha kutoa kopi pale Bweyale. Aliporudi Juba alinunua printa moja, kisha ya pili, kisha akamwajiri Isaiah Mwendwa.

Isaiah alikuwa Mkamba wa Kitui, fundi hodari wa kupanga kurasa na kusafisha picha, na mtu mwenye fahari. Alikunja mikono ya shati mara mbili, si zaidi. Kikombe chake cha chai hakikuruhusiwa kuikaribia kibodi. Mteja akimwambia, "Nitengenezee tu haraka haraka kwa simu," Isaiah alifumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia tusi mbele ya mama yake.

Fahari yake kubwa zaidi ilikuwa programu zake. Alikuwa nazo tatu, zote za kulipiwa kila mwezi kwa dola: moja ya kupanga kurasa, moja ya picha, na moja iliyomletea herufi za kila mtindo. Kisha alikuwa ameomba ya nne, ya muziki, ili kichwa kitulie anapofanya kazi. Duka halikuwa na kadi ya benki inayokubalika huko zinakouzwa, kwa hiyo kila mwezi Viola alimtumia pesa binamu yake Suzan, mwuguzi wa Kampala, naye Suzan akalipa kwa kadi yake.

Jumatatu moja ya mwezi wa tatu, Suzan akapiga simu.

"Dada, nimehama benki, na ile kadi imefungwa. Hawa wapya wameshaniuliza kwa nini mwuguzi ananunua herufi kila mwezi."

Viola aliweka simu chini, akamgeukia Isaiah. Kiswahili chake kilikuwa cha Uganda, cha kukata njia, na hakuwahi kukionea aibu.

"Isaiah. Sisi iko nalipa pesa ya herufi?"

"Si herufi tu, madam. Ni haki ya kuzitumia."

"A mpaka Z?"

"Za kila mtindo."

"Na zile zilikuja na kompyuta, zile hapana andika?"

Isaiah alieleza kuhusu ubora. Alieleza kwa muda mrefu, kwa heshima, akitumia mikono. Alisema vya bure ndivyo ghali. Viola alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza ghali kwa nani, na Isaiah akasema ghali kwa jina la duka. Viola akasema jina la duka ni Viola, na Viola amechoka kulipa.

"Mwisho ya mwezi, khalas, inaisha. Watu wanasema programu ya bure iko nyingi sana. Ya kurasa iko. Ya picha iko. Mimi mwenyewe nitakuwekea ile ya picha leo, bando iko. Ingine tafuta."

"Sawa, madam," alisema Isaiah.

Alikubali upesi mno, na hapo ndipo Viola angepaswa kushtuka. Hakushtuka. Wiki zilizofuata kazi ilitoka safi kama zamani, herufi zikipinda kwa madaha, picha za maharusi ziking'aa, na Viola akaanza kujisifu. Alimwonyesha kila mteja aliyeingia. "Tazama hii. Bure kabisa! Wakenya walikuwa wanataka kunimaliza." Isaiah alipoyasikia hayo alitazama dari.

Ukweli ulijitokeza mchana mmoja Isaiah alipokwenda kula. Viola alikaa kwenye kompyuta ya fundi wake ili achape kadi ya ubatizo, na ujumbe ukamchomozea usoni: *Karibu, Mumbua! Jaribio lako la bure limebakiza siku mbili.*

Viola hakumjua Mumbua yeyote. Akafungua barua pepe. Aliyetangulia alikuwa mzee Mwendwa, baba yake Isaiah, ambaye hajawahi kugusa kompyuta. Akafuata mjomba, kisha katekista wa kwao Kitui, kisha binamu wawili, na sasa shangazi. Kila mmoja alikuwa ameomba kuijaribu kwa siku saba programu ileile ya picha ya kulipia, na waliomtangulia shangazi wote walikuwa wameaga kimya siku ya nane. Viola alicheka peke yake mpaka akalazimika kufuta macho kwa kadi ya ubatizo iliyoharibika.

Isaiah aliporudi, Viola alikuwa akimngoja mlangoni.

"Habari ya mchana, shangazi?"

Isaiah aliganda na kijiti cha meno mdomoni.

"Mimi sijui nyinyi huko kwenu mko wasanii hivi," Viola akaendelea. "Mzee anasafisha picha. Katekista anasafisha picha. Ukoo ikiisha utaandika jina ya nani? Ya watakatifu?"

Isaiah alitazama chini. "Nilikuwa nimefikiria Mtakatifu Yuda," alisema kwa sauti ndogo. "Yule wa mambo yaliyoshindikana."

Viola alimhurumia, lakini si sana. Akamwambia kwamba shangazi Mumbua ndiye wa mwisho. Siku zake mbili zikiisha, ukoo mzima upumzike, na yeye aanze kujifunza ile programu ya picha aliyowekewa tangu mwezi wa tatu.

"Umeifungua?"

"Nimeiona," alisema Isaiah.

Kesho yake, siku ya Jumatano, aliingia dukani Ustaz Emilio Igga; huko Juba kila mwalimu huitwa Ustaz. Alikuwa amefundisha hesabu kwa miaka arobaini, Juba, kisha kambini Uganda, kisha Juba tena, na nusu ya wafanyabiashara wa Kator walijifunza kugawanya kutoka kwake. Alikuwa ametembea kutoka mtaani kwake Hai Malakal kwa miguu kwa sababu hakuziamini bodaboda. Shati lake lilikuwa limepigwa pasi, na kwapani alibana kitabu cha nyimbo za kanisa.

"Jumamosi tunafanya sala ya Rita," alisema. "Mwaka umetimia."

Viola alimvutia kiti. Alimfahamu mkewe marehemu tangu Bweyale, na hakuhitaji kuelezwa.

Mzee alifungua kitabu cha nyimbo akatoa picha. Ilikuwa imekunjwa mara moja miaka mingi iliyopita, na mkunjo ulikuwa umeacha mstari mweupe kuanzia paji la uso, ukapita shavuni, ukakata hereni moja katikati. Kona ya chini ilikuwa na doa la maji. Katikati ya uharibifu huo wote alisimama mwanamke wa miaka thelathini hivi, amekunja macho kwa jua, anacheka. Meno yake ya mbele yalikuwa na mwanya mpana, na kidevuni alikuwa na kovu dogo.

"Ninayo hii moja tu," alisema Ustaz Emilio. "Nyingine zilibaki njiani. Nataka ikae mbele ya kijitabu. Nakala sitini."

Isaiah aliipokea picha kwa mikono miwili. "Nitaitunza, Mwalimu."

Na hakudanganya. Aliiskani, akaifungua katika programu ya shangazi Mumbua, akaanza kuuziba ule mstari mweupe kidogo kidogo, kama mtu anayetia uzi kwenye kitambaa chakavu. Alipofunga duka jioni alikuwa amefika shavuni. Alhamisi asubuhi alipowasha kompyuta, siku mbili zilikuwa zimekwisha. Programu ilikataa kufunguka, na kazi yake ya jana ilionekana nyuma ya maandishi makubwa ya kijivu yaliyokatiza uso wa Rita kutoka pembe hadi pembe: JARIBIO LIMEKWISHA.

Isaiah alikaa akiyatazama. Kisha vidole vyake vikasogea vyenyewe kwenye sehemu ya kuandika jina jipya. Alikuwa amefika kwenye "Yuda" Viola alipoingia na mkebe wa wino, akalazimika kufunga ukurasa.

"Picha ya Ustaz inakwenda?"

"Inakwenda vizuri, madam."

Angeweza kusema ukweli: kwamba kazi imefungiwa, na kwamba ile programu ya bure hajaifungua hata siku moja. Badala yake alichukua simu. Alitafuta apu ya bure ya kurekebisha picha kuukuu, akavumilia tangazo la mafuta ya nywele, akavumilia la pili la mchezo wa kupanga matofali, kisha akabonyeza kitufe kilichoandikwa *Rekebisha*. Ilichukua sekunde nne. Mstari mweupe ukatoweka. Doa likatoweka. Hereni ikarudi nzima. Isaiah alipatazama mahali palipokuwa na mkunjo, akaona hapana mkunjo, akashusha pumzi. Kwingine hakutazama. Umeme ulikuwepo, kwa hiyo alichapa majalada yote sitini palepale kabla haujabadili nia.

Ijumaa saa tatu asubuhi Ustaz Emilio alirudi. Isaiah alimpa jalada la kwanza. Mzee alilitazama, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Kazi safi," alisema.

"Asante, Mwalimu."

"Karatasi nzuri. Rangi nzuri." Akalisogeza karibu na mlango, penye mwanga. "Huyu binti ni nani?"

Isaiah alitabasamu, akidhani ni utani wa wazee. "Si mama mwenyewe, Mwalimu?"

"Ni mrembo sana," alisema Ustaz Emilio kwa adabu. "Lakini mimi na yeye hatujawahi kukutana."

Viola alitoka nyuma ya printa akalichukua jalada. Mwanya haukuwepo. Meno yalikuwa yamebanana meupe, kama ya kwenye boksi la dawa ya meno. Kovu la kidevuni lilikuwa limefutwa. Macho yaliyokunjwa na jua yalikuwa yamefunguliwa na kuongezwa ukubwa, na ngozi ya Rita, iliyokuwa nyeusi ya kung'aa, ilikuwa imepauka kama chai iliyozidishwa maziwa. Kicheko kilimpanda Viola hadi kooni. Ndipo alipoona kidole cha mzee kikipapasa ule mdomo kwenye karatasi, kikitafuta kitu, na kicheko kikarudi kilikotoka.

"Watu watakuja kesho kumwombea Rita," alisema Ustaz Emilio. "Wakimkuta huyu, watasema mzee ameoa tena, na ametuita tumwone bibi arusi."

Isaiah alikuwa amelishika jalada jingine mkononi, na sasa tu ndipo alipoutazama uso wenyewe. Masikio yalimwaka moto.

"Ni hizi vitu za bure, Mwalimu," alianza. "Mimi nilisema tangu mwanzo—"

Viola alimgeukia. Alimtazama tu, unyusi mmoja juu. Isaiah akaweka jalada chini.

"Hapana. Si apu. Ni mimi. Nilibonyeza kitufe, na sikuangalia. Uso wa mtu umepita mikononi mwangu mara sitini na sikuuangalia. Nisamehe, Mwalimu."

"Malesh, haidhuru," alisema mzee taratibu. Mwanafunzi anayekiri kosa lake ubaoni alikuwa amemwona mara nyingi, na siku zote alimpa nafasi ya pili. "Saa tatu sasa. Misa ni kesho saa nne. Bado kuna saa ngapi?"

"Ishirini na tano, Mwalimu."

"Basi fanya hesabu upya."

Viola alivuta kiti cha Isaiah kutoka mezani. "Ile programu ya picha nilikuwekea iko wapi?"

"Iko kwa folda, madam."

"Folda gani?"

Isaiah alikawia. "Imeandikwa 'Baadaye'."

"Basi sasa ni baadaye. Kaa."

Alikaa. Alifungua programu aliyoidharau miezi mizima, na saa ya kwanza ilikuwa kama kupika katika jikoni la mtu mwingine: visu vipo, chumvi ipo, lakini kila kitu kiko kwenye droo isiyo yake. Alibonyeza pa kuzungusha akakuta anakata. Alitaka kupaka akafuta. Alisema maneno ya Kikamba ambayo Viola, kwa heshima ya mzee, hakuuliza maana yake. Kisha akakipata kile kifaa cha kuchota rangi mahali pazima na kuitia penye jeraha, akakijaribu, akakijaribu tena. Akanyamaza. Viola alimfahamu vya kutosha kujua kwamba Isaiah akinyamaza, kazi imemkubali.

Ustaz Emilio alikataa kwenda nyumbani. Alikaa kwenye stuli kando ya Isaiah, fimbo katikati ya magoti, akasimamia kama mtihani.

"Mwanya ulikuwa mpana zaidi ya hapo," alisema baada ya muda.

"Mwalimu, mwanya sijaugusa. Nimeuacha vile ulivyo kwa picha."

Mzee aliisogelea skrini.

"Ah," alisema. "Basi ni mimi niliyeupanua."

Nje, bodaboda zilipita zikipiga honi, na mtu akauza vocha kwa sauti ya wimbo.

"Alikuwa anapiga mluzi kwa ule mwanya," Ustaz Emilio akaanza tena. "Kambini walitupa shamba mbali, ng'ambo ya kijito. Mimi nikilima, nasahau saa. Yeye anasimama mlangoni, anapiga mluzi mmoja, na mimi nasikia. Wanaume wengine pia wanasikia, wananiambia, 'Ustaz, kengele imelia.' Hakuna aliyewahi kuita jina langu kwa sauti kama ile."

"Na hili kovu la kidevu?" Isaiah aliuliza bila kuondoa macho kwenye kazi. "Niliache hivi?"

"Liache, liache. Hilo yeye alisema ni jiwe. Dada yake alisema ni mimi nilimwangusha kwa baiskeli."

"Ukweli ni upi, Ustaz?" aliuliza Viola.

Mzee alifikiri. "Ilikuwa baiskeli ya kuazima," alisema, na hakuongeza.

Saa nane kuziba mkunjo kulikuwa kumefika kwenye hereni. Isaiah alinakili ile hereni nzima ya upande wa pili, akaigeuza, akaiweka mahali pake, kisha akaitia kivuli kwa sababu jua lilikuwa likitokea kushoto. Aliikuza picha, akaipunguza, akaikuza tena. Safari hii aliutazama uso wote, kuanzia nywele hadi kola ya gauni, polepole, kabla ya kusema kitu.

"Mwalimu. Mtazame."

Ustaz Emilio alisimama. Rita alikuwa amekunja macho kwa jua, mweusi wa kung'aa, kovu lake kidevuni, anacheka kwa mwanya wake wote. Mzee alisema maneno machache ya Kibari ambayo Isaiah hakuyaelewa, na ambayo hata hivyo hakuwa akiambiwa yeye. Kisha akaweka mkono juu ya bega la fundi, akaubana.

"Umefaulu," alisema kwa Kiswahili.

Majalada mapya yalitoka yote kabla ya jioni, na Viola aliyahesabu mara mbili. Jumamosi, baada ya misa, yeye na Isaiah walikwenda Hai Malakal nyumbani kwa Ustaz Emilio. Watu walikaa chini ya turubai, wakapewa asida, ule ugali wa kwao, na samaki, na kila mmoja alikuwa na kijitabu mapajani. Dada yake Rita, mama mnene mwenye sauti iliyozoea kuita mbali, alikishika chake mbele ya macho akatikisa kichwa.

"Tazama huyu," alisema. "Sisi tunalia, yeye bado anacheka tu."

Wanawake waliokaa karibu naye wakacheka, kisha wawili wao wakalia. Isaiah aliinamia sahani yake. Siku nyingine angekwisha kuwaeleza watu wa meza yake jinsi hereni ilivyotengenezwa. Siku hiyo alikula, akaulizwa kama aongezewe samaki, akakubali, na hakusema chochote kuhusu kazi mpaka walipoondoka.

Lakini fahari ya mtu haifi. Inahama nyumba tu. Haikupita miezi miwili Isaiah akawa mhubiri wa programu za bure, na Viola akagundua kwamba Isaiah aliyeokoka anachosha kuliko yule wa kwanza. Alikuwa na ya kurasa, ya bure, iliyotengenezwa na watu wa nchi mbalimbali wasiotaka malipo, na alizijua habari za watu hao kama za ndugu. Alikuwa na maelfu ya herufi ambazo wenyewe walizitoa kama sadaka. Apu za simu zenye kitufe kimoja aliendelea kuzichukia, na aliwaonya wateja dhidi yake kama mtu anayeonya dhidi ya pombe haramu.

Mwezi wa saba aliingia Trevor, Mkenya mwenzake, mhasibu wa hoteli moja mjini, aliyetaka kuchapa menyu mpya. Alikuwa na haraka. Alisimama kaunta na flash mkononi, akitazama saa.

"Hii menyu mliipanga na programu gani?" Isaiah aliuliza, akiifungua.

Trevor aliitaja. Ilikuwa ya kulipia.

"Mnalipa kila mwezi?"

"Hoteli inalipa, buda. Mimi nataka tu kopi thelathini."

"Ya picha je? Mnalipia pia? Na ya kuhifadhi mafaili?" Isaiah alikuwa ameshageuza skrini imtazame mteja, na mikono ya shati ilikuwa imekunjwa mara mbili. "Hebu kuja upande huu kidogo. Dakika mbili tu."

Viola aliinuka, akamletea Trevor kiti na soda baridi. Alikuwa ameshayazoea mahubiri hayo, na alijua kwamba hayajawahi kupungua nusu saa.